Mpaka wetu baharini na Msumbiji: tunayodanganyana pwani

Ukikaa Msimbati, huku Mtwara, jioni wakati wavuvi wanashona nyavu lazima utalisikia hili, et mpaka na Msumbiji baharini ni mto Ruvuma tu umenyooshwa kwenda mbele. Sio kweli jamani. Nahodha mmoja alinionyesha kwa kidole, mdomo wa mto ule pale, basi kushoto kwetu kulia kwao, na huku jipiesi yake (kifaa cha kuonyesha ulipo kwa namba) kaivingirisha kwenye nailoni isilowe. Nikamwambia mzee, mpaka uko kwenye hizo namba za jipiesi, maana mkataba wetu na Msumbiji wa 1988 umeandikwa kwa digrii na dakika: karibu na pwani mstari unapita katikati, umbali sawa toka kila upande, afu kule mbele unakata moja kwa moja mashariki kufuata latitudo.

Kingine, kwamba maili 200 za baharini zote ni nchi yetu so meli ya nje ikionekana tu ikamatwe. Hapana. Nchi hasa ni maili 12 za mwanzo, na hata humo meli ya mgeni inaruhusiwa kupita kwa amani. Toka hapo mpaka 200 haki yetu ni ya mali, yaani samaki, gesi na vilivyo chini, ila kupita wanapita. Wakivua bila leseni ndo kesi.

Linaloniuma zaidi ni hili la kumuita jirani mwizi kisa anadai maji unayodai na wewe. Hebu pima, toka Mtwara mpaka Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, hazifiki maili 400, sasa sisi tukihesabu 200 zetu na Wakomoro wakahesabu 200 zao si lazima zipandiane? Hakuna aliyeiba hapo. Sheria ya bahari ya 1982 inasema mkae mpatane kwa haki, na mwaka 2011 Tanzania, Msumbiji na Komoro walikaa wakakubaliana pointi ambapo mipaka yao mitatu inakutana.

Na mkishindwana, mahakama haigawi nusu kwa nusu kama mkate, wala haiangalii nani ana manowari nyingi. Kenya na Somalia waligombea mpaka wa bahari: Kenya ilitaka latitudo, Somalia ikataka mstari wa katikati, hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague ya Oktoba 2021 ikaanza na wa katikati afu ikausogeza kidogo kuipa Kenya nafuu, maana pwani yake imebanwa, huku Somalia na huku sisi.