Kabureta ikivuja haijafa

Ukiegesha pikipiki kuukuu Kongowea, Mombasa, na petroli ikachuruzika chini ya injini, hukosi wa kukwambia: "Kabureta imekufa, nunua mpya." Sivyo. Kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kwa ajili ya injini, ikivuja mara nyingi ni uchafu tu. Ndani yake mna bakuli dogo la mafuta lenye boya linaloelea. Bakuli likijaa, boya huinuka na kusukuma sindano izibe njia ya mafuta. Chembe ya kutu kutoka kwenye tangi ikikwama hapo, sindano haizibi, na mafuta hufurika na kutokea kwenye kibomba cha mpira cha chini. Funga koki ya mafuta, mwambie jirani azime sigara, kisha fungua bakuli usafishe. Litikise boya sikioni: ukisikia petroli ndani, limetoboka. Ncha ya sindano ikiwa imelika, badilisha. Mafuta yakitokea kwenye maungio ya bakuli, hiyo ni gasketi, yaani kizuia-mvujo cha kwenye maungio.