Kwa nini dainamo ya baiskeli haijali mbio zako?

Je, wajua kwamba simu inayochajiwa kwa dainamo ya baiskeli haijai upesi zaidi eti kwa kuwa umekanyaga pedali kama unafukuzwa?

Chaja hizi si ngeni Arusha. Bernard Kiwia, mbunifu aliyetokea kwenye ufundi baiskeli, aliunda ya kwake, kisha akawa miongoni mwa waanzilishi wa karakana ya Twende, ambako vijana hujifunza uhandisi kwa kuunda vitu.

Kijana anayeanza kuchokonoa dainamo huja na imani moja: mbio zaidi, umeme zaidi. Haifi kirahisi kwa sababu ina ushahidi. Pindua baiskeli isimame kwa tandiko na usukani, mmoja azungushe pedali, mwingine ashike nyaya za mita bila kuunga taa wala simu. Volti, yaani msukumo wa umeme, hupanda na mwendo, zikaipita kwa mbali ile 6 iliyoandikwa kwenye dainamo. Basi mjadala umekwisha? Unga taa, upime ampia, yaani kiasi cha umeme unaopita. Zinapanda hadi karibu nusu ampia, halafu zinagoma. Kuanzia hapo kinachoongezeka sana ni jasho.

Ndani, sumaku inayozunguka hugeuzageuza mwelekeo wa umeme, na koili, yaani waya uliozungushwa mizunguko mingi, hupinga mgeuko huo. Ukikaza mwendo, volti huongezeka, lakini mgeuko nao huwa wa haraka, hivyo upinzani hukua sambamba. Ni kama abiria wanaogombea mlango wa daladala jioni: nguvu ya kusukuma ikiongezeka, msongamano mlangoni huongezeka vilevile, na idadi ya wanaoingia kwa dakika ni ileile.

Ukaidi huu una kisa chake kitamu. Taa ya mbele ikiungua, ya nyuma huifuata muda si mrefu, kwa sababu ile nusu ampia waliyokuwa wakigawana sasa yote inapita kwa mmoja. Na ukiteremka kutoka Ilboru, kule mwinukoni Arusha, bila simu kwenye chaja, volti hazina wa kuzishika: kapasita ya chaja, kile kikopo kinachotunza umeme kidogo, ikiwa ni ya volti 16 huvimba kichwani. Fundi chipukizi akikuta uvimbe huo hulaumu kapasita, mpaka apime.

Haya ni ya dainamo ya taa. Mota ndogo ya DC (umeme usiogeuka mwelekeo) iliyong'olewa kwenye printa mbovu, ukiizungusha itoe umeme, haizuii ampia kwa ukali huo. Kwa hiyo, kabla ya kuunga simu, mita kwanza.