Kwa nini gari la zamani huishiwa nguvu likipanda Kitulo?

Oktoba 2024 wapenzi wa Land Rover walikusanyika Arusha na magari yao, mapya kwa makuukuu. Natamani sana kuona msafara kama ule ukipanda Kitulo, hifadhi ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kwenye nyasi na vichaka vifupi vya Bustani ya Mungu, kama watu wanavyoiita. Ila watakaokuja na magari ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kwenye injini za zamani, wajue mapema: gari lililovuta vizuri tangu Dar es Salaam litaanza kumisi na kutoa moshi mweusi huku juu, na fundi asiyejua sababu anaweza kufungua injini ambayo ni nzima kabisa.

Kutoka Chimala, barabara huuacha uwanda wa Usangu na kupanda kuelekea Matamba kwa zile kona kali zilizoipa jina la Hamsini na Saba. Kitulo kwenyewe ni kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na tatizo ni hewa.

Injini ya petroli ya lita 2.25, iliyoanza kufungwa kwenye Land Rover mwaka 1958, hunyonya ujazo uleule wa hewa popote ilipo. Lakini hewa ya Kitulo ni nyepesi: ujazo huo una hewa pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na ya pwani. Kilo moja ya petroli inahitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue sawasawa. Hewa ikipungua, nguvu nayo inashuka, hata dereva akanyage mafuta mpaka mwisho.

Moshi mweusi unatoka kwenye kabureta. Hewa inayopita kwa kasi kwenye koo lake jembamba ndiyo inayovuta petroli kupitia jeti, yaani kitundu kidogo kinachopima mafuta. Hewa ikiwa nyepesi mvuto hulegea na petroli hupungua pia, lakini haipungui kwa kiasi ambacho hewa imepungua. Mafuta yanazidi, hayaungui yote, plagi zinashika masizi. Magari ya sasa yana sensa zinazopima hewa na kupunguza mafuta zenyewe; kabureta haina akili hiyo.

Kuna na maji. Kwa urefu huu maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, si 100. Kinachookoa rejeta ni mfuniko wake, unaobana mvuke na kuongeza shinikizo. Mpira wa mfuniko ukiwa umechoka, gari litachemsha kwenye kona hizo hizo, tena likiwa kwenye gia nzito na mwendo mdogo. Kwangu mimi, mfuniko ni wa kukaguliwa kabla ya kingine chochote.

Kwa kabureta, fundi hufunga jeti ndogo zaidi. Mkishuka Chimala mrudishe ile ya mwanzo kabla ya kushika lami, kwa sababu huku chini jeti ndogo hutoa petroli kidogo mno, injini hupata joto kupita kiasi na valvu zinaweza kuungua.