Woga Unaokua Kila Unapoukimbia: Maswali na Majibu

Kwa nini jambo ninalolikwepa huzidi kunitisha?

Kwa sababu ya nafuu unayoipata ukilikwepa. Umeombwa uzungumze mbele ya watu. Moyo unadunda, viganja vinalowa jasho, unatoa udhuru na kuondoka. Papo hapo mwili unatulia. Ubongo unashika hilo tu, kwamba kukimbia kumekuokoa, na safari ijayo utakuhimiza ukimbie mapema zaidi. Tena kwa kuwa hukubaki, hukupata kujua kama ulichokihofia kingetokea. Wengi hujilaumu kuwa ni waoga wa kuzaliwa. Nawasihi waache: sehemu kubwa ya hayo ni mazoea, na mazoea hubadilika.

Mimi siogopi kitu, ila nashindwa kumkatalia mtu.

Hata huko ni kukwepa. Unachokikimbia ni uso wa mtu aliyeudhika.

Nisubiri woga uishe ndipo nianze?

Hapana, utasubiri sana. Nenda nao, ila kwa ngazi. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones wa Marekani alieleza habari za mtoto aliyeitwa Peter, aliyemwogopa sungura. Mtoto alipewa chakula akipendacho huku sungura akiwa kizimbani, mbali naye. Taratibu sungura akawa anasogezwa karibu, hata mwisho Peter akamshika kwa mikono yake.

Fanya vivyo hivyo. Orodhesha unayoyakwepa na kila moja ulipe alama ya woga, 0 hadi 100. Anza na lenye 30 au 40. Kabla ya kulifanya, andika unachodhani kitakupata; ukimaliza, andika kilichotokea. Kulinganisha maandishi hayo mawili, kwa maoni yangu, ndiyo sehemu yenye faida kuliko zote. Mara nyingi woga hushuka ukiendelea kubaki pale. Hata usiposhuka siku hiyo, umeona kwamba unaweza kuuvumilia.

Angalia pia vijikinga unavyovitumia bila kufikiri: kuinamia simu, kukaa karibu na mlango, kutotoka bila wa kukusindikiza. Ukivibakiza, utadhani vyenyewe ndivyo vilivyokuokoa. Viache kimoja kimoja.

Itachukua muda gani?

Watu hutofautiana mno. Utafiti wa chuo kikuu cha UCL, London, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuatilia watu waliokuwa wakijijengea tabia mpya za kila siku. Kwa wastani tabia ilizoeleka baada ya siku 66, lakini tofauti ilikuwa kati ya siku 18 na 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kazi, kwa hiyo ukiteleza jana, endelea leo.

Nimwone mtaalamu lini?

Woga ukikuzuia kazi, masomo, usingizi au kuonana na watu, au ukianza kuutuliza kwa pombe. Ukiwa na mawazo ya kujiua, tafuta msaada leo hii, usikae peke yako. Maumivu ya kifua au kupumua kwa shida kusikowahi kukupata yapimwe haraka hospitali. Usijiambie tu kwamba ni woga.

Na kama ninachokiogopa ni hatari kweli?

Basi ngazi hii si yako. Anayeishi na mtu anayempiga hana haja ya kuuzoea woga wake, unamwambia kweli. Anahitaji mahali salama na watu wa kumsaidia kufika huko.