“Ili Kumvutia Msomaji” Si Uchambuzi

Nimesahihisha tena rundo la majibu ya somo la Kiingereza ya kidato cha sita hapa Dodoma, na tena nimekuta sentensi ileile: mwandishi ametumia tashbiha ili kumvutia msomaji. Toa tashbiha, weka sitiari au takriri, na sentensi itasimama vilevile juu ya matini yoyote utakayoipachika. Basi haijachambua kitu.

Wanafunzi wa HKL na HGL, wanaosoma Historia na Kiingereza pamoja na Kiswahili au Jiografia, wameaminishwa kwamba kuchambua lugha ni kuwinda tamathali: itaje, ieleze maana, toa mfano, songa mbele. Wakipewa tangazo lisilo na tamathali wananiambia, “Mwalimu, hii haina lugha.” Jamani! Nafsi, njeo (wakati wa kitenzi), urefu wa sentensi, nani katajwa na nani kaachwa, yote hayo ni lugha, na mara nyingi ndiko kazi kubwa ya matini inakofanyika.

Chukueni kauli ya kutendwa, ile inayoweza kusema kilichofanyika bila kumtaja aliyekifanya. Niliwatungia sentensi tatu. Moja ya taarifa kwa umma: “Water supply will be interrupted on Saturday.” Nyingine ya tangazo la viwanja, maana tangu Serikali ihamie huku hatukosi matangazo hayo: “Title deeds are guaranteed.” Ya tatu ya ripoti ya maabara: “The solution was heated for five minutes.” Karibu darasa zima liliandika kwamba zote tatu zinamficha mtenda.

Hapana. Maabara hakuna aliyefichwa. Yeyote atakayechemsha mchanganyiko ule anatakiwa apate matokeo yaleyale, kwa hiyo jina lake halina kazi. Kwenye taarifa ya maji pia kila mtu anajua nani anasambaza maji. Kilicholainishwa pale ni uamuzi: huduma inaonekana kama imepatwa na jambo, wakati kuna mtu atakayefunga koki. Kwenye viwanja ndipo penye hatari. Kudhamini ni kuahidi, na hapa ahadi ipo, mwenye ahadi hayupo. Ni muuzaji? Ni halmashauri? Hati isipotoka, mnunuzi atamshika nani?

Njia yangu ya kupima ni kumrudisha mtenda. Ongeza “by” na jina, kisha angalia kinachobadilika. Kwenye ripoti ya maabara hakibadiliki kitu cha maana. Kwenye tangazo la viwanja, jina moja tu linageuza biashara nzima, kwa sababu sasa kuna mtu wa kudaiwa. Umbo la kisarufi ni lilelile, kazi ni tatu tofauti, na tofauti hiyo ndiyo swali linayoitaka linapokupa matini zaidi ya moja.

Vitabu vya kiada huzungumzia nia ya mwandishi kwa uhakika ambao mimi sina. Huenda aliyeandika taarifa ya maji alichukua ya mwezi uliopita akabadilisha siku tu, hakukusudia kulainisha chochote. Ndiyo maana siwaruhusu kuandika “mwandishi alikusudia”. Andikeni msomaji anaachwa akijua nini na asijue nini. Hilo linaonekana kwenye karatasi. Na vipo vipengele visivyofanya kazi yoyote: maneno mawili kuanza na herufi moja kunaweza kuwa bahati tu. Viacheni.

Kuhusu kulinganisha, kifupi: msijaze ukurasa wa matini A, kisha wa matini B, halafu mistari miwili ya “zinafanana”. Shikeni kipengele kimoja, mkitembeze kwenye matini zote ndani ya aya moja.

Zoezi lijalo, leteni tangazo moja la viwanja na habari moja ya gazeti kuhusu ardhi, zote za Kiingereza. Anzeni na viwakilishi. Tangazo huwa limejaa “you”. Kwenye habari mtaitafuta sana. Nataka mnieleze huyo “you” ana kipato gani, anaishi wapi, na ni nani kati ya wakazi wa Dodoma ambaye hawezi kuwa yeye.