Majani mabichi, ghala tupu: jinsi ninavyopima afya ya nyasi bahari

Miaka yangu ya mwanzo katika kazi hii niliandika kwenye fomu "ufunikaji asilimia 70, hali nzuri", yaani nyasi zimefunika sehemu hiyo ya sakafu ya bahari, nikafunga daftari na kwenda zangu. Miezi minne baadaye nikakuta mchanga mtupu, na vishina vyeusi vilivyokuwa vikisagika vidoleni. Ile 70 ilikuwa sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba haikujibu swali nililotumwa kujibu: je, nyasi hizi zina afya?

Nyasi bahari si mwani. Ni mmea wa maua wenye mizizi na shina linalotambaa chini ya mchanga, na shina hilo ndilo ghala lake. Mwanga ukitosha, mmea hutengeneza sukari na kuweka ziada humo. Maji yakijaa tope, huanza kula akiba, na majani yanaweza kubaki ya kijani wiki nyingi huku ghala likikauka. Nyasi za aina ya Posidonia, zenye shina nene, hustahimili muda mrefu. Zile za Halophila, zenye vijani vidogo, huisha upesi, ingawa pia hurudi upesi. Kwa hiyo asilimia ileile haina maana ileile kwa aina hizi mbili.

Sisemi tuache kupima ufunikaji. Mimi mwenyewe bado nafuata utaratibu wa Seagrass-Watch, mpango wa kufuatilia nyasi bahari ulioanzia Australia mwaka 1998: mistari mitatu ya mita 50, ikiachana mita 25, na kuanzia mwanzo wa kila mstari, kila baada ya mita 5, unalaza fremu ya sentimita 50 kwa 50. Jumla ni fremu 33. Unakadiria asilimia, unatambua spishi, unapima urefu wa majani, unaangalia kama yamevaa utando wa mwani. Maji yakipwa vizuri, hasa siku za bamvua, kazi inakwisha kabla hayajarudi. Udhaifu wake ni macho yetu: waweke wapimaji wawili juu ya fremu moja, huyu atasema 40, yule 55. Ndiyo maana tunatembea na picha za kulinganishia. Tena rudi msimu uleule, la sivyo utakuwa unapima majira ya mwaka.

Nikimaliza fremu, nachimba. Shina zima ni gumu na ukilivunja ndani ni jeupe. Linaloelekea kufa ni laini, la kahawia, linabonyea kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. (Harufu ya yai bovu peke yake isikutishe, tope la chini hunuka hivyo hata penye nyasi zenye afya.) Majani machache hupelekwa maabara. Uwiano wa kaboni kwa nitrojeni ukishuka chini ya 20, nashuku kwamba mwanga umepungua au virutubisho vimezidi, na mara nyingi ni vyote viwili, kwa sababu virutubisho ndivyo vinavyolisha mwani unaoziba mwanga.

Kwa wastani nyasi bahari huhitaji takriban asilimia 11 ya mwanga unaofika juu ya maji. Sahani ya Secchi, ile unayoishusha majini mpaka usiione tena, hukuonyesha uangavu wa maji kwa siku ile tu, na siku unayokwenda kupima kwa kawaida bahari imetulia. Kifaa kinachorekodi mwanga chini kwa wiki kadhaa ndicho kinachonasa zile siku za tope. Joto nalo lisisahaulike, kwani huufanya mmea utumie akiba haraka zaidi. Shark Bay, Australia Magharibi, mwaka 2011, bahari ilipata joto kali na tope la mafuriko kwa pamoja, na maeneo makubwa ya Amphibolis, aina nyingine ya nyasi bahari, yakafa.

Kama ningeachiwa kipimo kimoja tu, ningechagua ukingo wa kina, pale nyasi zinapoishia kwa kukosa mwanga. Huko ndiko maumivu huanza. Unapigilia vigingi kwenye ukingo, unarudi, unapima umbali. Katika Bahari ya Mediterania njia hii imetumika sana kwa Posidonia oceanica, ambayo shina lake hutambaa sentimita chache tu kwa mwaka. Ukingo wake ukirudi nyuma mita moja, umepoteza miongo. Setilaiti inasaidia kuchora eneo zima, lakini kwenye kina hicho, maji yakiwa na tope, haioni kitu.

Pale pa ile asilimia 70 nina vigingi vinne sasa. Safari iliyopita vijani vya Halophila vilikuwa vimekipita cha pili. Nimechimba: shina jembamba kama uzi, jeupe.