Serikali ikiokoa kiwanda cha meli, nani hulalamika na nani hurudisha fedha?

Watu wa Kigoma wanaijua MV Liemba, lakini wachache wanajua ilikotoka. Ilijengwa mwaka 1913 na kiwanda cha Meyer Werft katika mji mdogo wa Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani. Ilifunguliwa vipande, ikatiwa kwenye makasha, ikaletwa Dar es Salaam kisha kwa reli hadi Ziwa Tanganyika, ambako iliungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Kiwanda kile bado kipo. Siku hizi kinaunda meli kubwa za kitalii, na mwaka 2024 kilikuwa hoi.

Si kwamba kilikosa kazi. Mikataba mingi ilisainiwa kabla ya Uviko-19 kwa bei isiyobadilika, halafu gharama za chuma na nishati zikapaa. Isitoshe, mnunuzi wa meli ya namna hiyo hulipa kama asilimia 20 wakati wa ujenzi na asilimia 80 siku ya kukabidhiwa. Muda wote wa katikati, kiwanda hununua chuma na kulipa mafundi kwa fedha za benki. Benki zikisita, kazi inasimama na oda ziko mezani. Septemba 2024 serikali ya Ujerumani na ile ya jimbo la Niedersachsen ziliingiza euro milioni 400, zikachukua takriban asilimia 80 ya hisa, na juu yake zikaweka dhamana ya mikopo.

Mtu wa kawaida ataiita hiyo ruzuku. Mwanasheria atamwambia asubiri kwanza.

Sheria ya Umoja wa Ulaya (Ibara ya 107 ya mkataba wake) haikatazi serikali kuweka fedha kwenye kampuni. Inauliza: je, mwekezaji binafsi anayetafuta faida yake angeweka fedha hizo kwa masharti yale yale? Kama angeweka, serikali imefanya biashara kama mfanyabiashara yeyote. Kama asingeweka, hapo kuna msaada wa serikali, na haupaswi kutolewa kabla Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja huo, haijauridhia. Kesi tunazosomesha darasani, karibu nusu zinazunguka swali hilo. Nusu nyingine zinazunguka swali gumu zaidi: fedha zikishathibitika kuwa haramu, azirudishe nani?

Ila kwanza, kwa nini meli zina kesi za peke yake? Ruzuku ikishusha bei ya saruji au sukari kutoka nje, dawa inajulikana: nchi inayoumia inatoza ushuru wa kufidia ruzuku mzigo unapofika forodhani. Meli haifiki forodhani kama mzigo. Kampuni ya Ugiriki inaagiza meli Korea Kusini, inaisajili Panama au Liberia, inaipeleka kubeba mafuta Ghuba na kuyashusha Ulaya. Kiwanda cha Ujerumani kilichokosa ile oda kimeumia kweli, lakini hakuna mahali ambapo meli hiyo "imeingizwa nchini" itozwe ushuru. Mwaka 1994 mataifa makubwa ya ujenzi wa meli yalisaini makubaliano chini ya OECD, jumuiya ya nchi tajiri, ili kuziba mwanya huo. Marekani haikuyaridhia, na hayakuanza kutumika hata siku moja.

Ndipo Ulaya na Korea Kusini zikafikishana Geneva. Baada ya msukosuko wa uchumi wa Asia wa 1997, na kuanguka kwa kundi la kampuni za Daewoo mwaka 1999, benki za Korea, nyingine za serikali, zilibadili madeni ya viwanda vya meli kuwa hisa na kuahirisha mengine. Oktoba 2002 Ulaya ikalalamika Shirika la Biashara Duniani, WTO.

Uamuzi wa jopo la waamuzi wa WTO, uliotoka Machi 2005, ni funzo zuri kwa yeyote anayedhani mwenye kelele nyingi ndiye hushinda. Lile fungu kubwa, yaani uokoaji wa Daewoo na wenzake, Ulaya ilishindwa kulithibitisha. Hesabu zilionyesha kwamba kiwanda kikiendelea kufanya kazi kingekuwa na thamani kubwa kuliko kikiuzwa chumachuma, na mdai yeyote mwenye akili angekubali kusubiri. Ulaya ilishindwa pia kuonyesha kwamba ruzuku ndizo zilizoporomosha bei za meli za gesi, za mafuta na za makontena.

Walichoshinda kilikuwa kidogo na cha kiufundi. Katika meli za mizigo, mnunuzi kwa kawaida hulipa kwa awamu tano: siku ya kusaini, chuma kinapoanza kukatwa, mkuku (uti wa mgongo wa meli) unapolazwa, meli inaposhushwa majini, na inapokabidhiwa. Hatofautiani sana na mtu anayejengewa jahazi, anayempa fundi kidogo kidogo huku akikagua mbao. Tofauti ni kwamba mwenye jahazi anamjua fundi na kwao. Mwenye meli anataka karatasi ya benki inayosema: kiwanda kikifa katikati, awamu zako zitarudi. Benki ya serikali ya Korea ya kugharamia mauzo ya nje, KEXIM, ilikuwa ikitoa dhamana hizo, pamoja na mikopo ya kabla ya meli kukabidhiwa. Kwa baadhi yake jopo lilikuta ada au riba iko chini ya ile ya soko. Na kwa kuwa zilitolewa kwa meli za kuuza nje, ziliangukia kundi la ruzuku zilizopigwa marufuku kabisa, ambazo mlalamikaji hahitaji hata kuonyesha kwamba ameumia. Korea ikaambiwa iziondoe ndani ya siku 90.

Ulaya nayo haikuwa imekaa mikono mitupu. Mwaka 2002 ilitunga kanuni ya muda iliyoruhusu nchi zake kukilipia kiwanda hadi asilimia 6 ya thamani ya mkataba pale kinaposhindana na Mkorea mwenye bei ya chini. Korea ikaishtaki pia, na Aprili 2005 jopo jingine likasema hapana: kama unadai mwenzako amevunja kanuni, lete kesi, usijichukulie sheria mkononi. Kanuni hiyo ilikuwa imekwisha muda wake wiki chache tu kabla.

Turudi kwenye lile swali la nani arudishe. Hapa sina budi kukaa Skaramangas, nje kidogo ya Athens. Julai 2008 Tume ya Ulaya iliamua kwamba kiwanda cha Hellenic Shipyards kilipokea msaada haramu, na kikatakiwa kurudisha zaidi ya euro milioni 230. Tatizo ni kwamba ndicho kilichokuwa kikiunda nyambizi za jeshi la majini la Ugiriki, na mambo ya ulinzi yana msamaha wake katika sheria. Kukidai hadi kife ni kuliacha jeshi bila nyambizi. Mwaka 2010 ukapatikana mwafaka: kiwanda kiache kazi za kiraia kwa miaka 15 na kibaki na za kijeshi. Utekelezaji ukasuasua. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliitia Ugiriki hatiani mwaka 2012, na Novemba 2018 ikaitoza faini ya euro milioni 10, pamoja na euro 7,294,000 kwa kila miezi sita ya kuchelewa.

Tazama anayelipa. Fedha za kwanza zilitoka kwa mlipa kodi wa Ugiriki. Faini ya kushindwa kuzirudisha ikatoka kwa mlipa kodi yule yule. Nimejaribu mara nyingi kuwaeleza wanafunzi mantiki yake, kwamba kurudisha fedha si adhabu bali ni kusawazisha uwanja wa ushindani. Wananielewa, ila nyuso zao hazikubali.

Hispania ilionyesha sura nyingine. Huko msaada haukwenda kiwandani mkononi. Ulipitia kwenye kodi: wawekezaji walijiunga katika vikundi, vikundi vikanunua meli kwa mpango wa ukodishaji, wakapata unafuu wa kodi, na sehemu kubwa ya unafuu huo ikamfikia mwenye meli kama punguzo la asilimia 20 hadi 30 ya bei. Mwaka 2013 Tume iliamuru wawekezaji peke yao warudishe. Kesi ikapanda na kushuka ngazi za mahakama kwa karibu miaka kumi, hadi Februari 2023 Mahakama ya Haki ilipobatilisha sehemu hiyo ya uamuzi: huwezi kumdai mmoja kitita chote wakati kampuni za meli zilikula sehemu kubwa.

Poland mambo yalikatwa mara moja. Novemba 2008 Tume iliamua kwamba misaada ya viwanda vya Gdynia na Szczecin ni haramu, na mali zao zikauzwa kwa mafungu. Gdańsk, kilikozaliwa chama cha wafanyakazi cha Solidarność mwaka 1980, kiliponea mwaka 2009 kwa sharti la kufunga vyelezo (majukwaa ya kuundia na kushushia meli) viwili kati ya vitatu.

Wamarekani wamejaribu njia yao: kama meli haipiti forodhani, basi ilipe bandarini. Machi 2024 vyama vitano vya wafanyakazi viliomba serikali ichunguze ruzuku za China, na kuanzia tarehe 14 Oktoba 2025 meli zilizojengwa China au zinazomilikiwa na Wachina zikaanza kutozwa ada zikitia nanga Marekani. China ikajibu siku hiyo hiyo kwa ada zake. Haikufika mwezi, pande zote mbili zikasimamisha kwa mwaka mmoja.

Huku kwetu, swali ninaloulizwa zaidi linahusu meli ya abiria iliyojengwa Mwanza na mkandarasi wa Korea Kusini kwa fedha za serikali. Je, hiyo ni ruzuku? Kanuni za WTO, ambazo Tanzania na Kenya zimejifunga nazo, zinahesabu ununuzi wa serikali kuwa ruzuku pale tu bei inapozidi thamani ya kitu. Serikali ikinunua kwa bei ya haki, hakuna aliyependelewa. Nchi zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwemo, zimesamehewa pia lile katazo la ruzuku za mauzo ya nje lililoikamata KEXIM. Lakini msamaha wa kukipa kiwanda fedha kwa sharti la kutumia chuma cha nyumbani badala ya cha nje ulikwisha zamani. Anayeandika mkataba wa chelezo kipya aanze kukagua kifungu hicho.